Alichokula Kambare wa Kaka

Mimi kazi yangu ni kupasua samaki. Meza yangu ya zege iko gatini kwenye bwawa, hatua ishirini kutoka nyumba ya pampu, na jina langu pale ni Kisu. Msinionee huruma, kazi naipenda. Mvuvi akileta samaki, swali la kwanza si kilo ngapi. Ni hili: "Kisu, amekula nini?" Nikisema chura, kesho wote wanatia chura kwenye ndoana. Nikisema panzi, utawaona watu wazima na ndevu zao wanakimbiza panzi majanini. Hakuna aliyewahi kunibishia. Baba ndiye aliyenifundisha kuyasoma matumbo, na ndiye aliyeniamini kuliko wote.

Mwaka huu ofisi ya bwawa ikatangaza kwamba boti zimezidi. Familia yenye mbili ibaki na moja. Sisi tulikuwa na ya Baba na ya kaka yangu. Nani abaki majini? Eti washindane: siku moja, kambare mmoja mmoja, mwenye mzito ndiye apewe kibali. Baba alicheka. Miaka thelathini na moja anavua kambare pale, anajua kila kisiki kilichozama. Kaka yangu tunamwita Meneja tangu utotoni, maana hajawahi kubeba kitu kizito. Yeye huwapeleka wageni kuvua besi, samaki wa mchezo tu. Wanamvua besi wa watu, wanapiga naye picha, wanamrudisha majini. Kazi kweli kweli!

Siku yenyewe Baba alirudi saa nne asubuhi na kambare wa kilo kumi na moja na robo, dume la haja, sharubu kama kamba za viatu. Akamlaza kwenye mzani, akanikonyeza. Meneja alifika saa sita, jasho linamchuruzika, na kwa wake mzani ukasoma kumi na moja na gramu mia tatu. Baba akavua kofia. "Hongera, mwanangu," akasema, tena kwa moyo mweupe kabisa. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

Kanuni ilikuwa kwamba samaki akishapimwa anapasuliwa mbele ya Bwana samaki, yule ofisa wa uvuvi. Nikaingiza kisu, nikatia mkono. Vidole vikagusa kitu kigumu, kizito. Chubwi! Vile vyuma vya kuzamishia mshipi, vinne, vimesokomezwa tumboni. Sikuhitaji hata kuviangalia. Mimi ndiye ninayeyeyusha risasi ya betri chakavu jikoni kwa Baba na kuimwaga kwenye vizibo vya soda, na tundu langu siku zote hukaa pembeni, katikati limenishinda. Meneja alikuwa amezichota kwenye kopo la Baba. Mwizi gani huyu, hata uzito wa kumwibia baba yake kauazima kwa baba yake!

Nikainua macho. Meneja alikuwa amenikodolea, midomo imemkauka. Bwana samaki alikuwa ameinama anaandika. Ningesema neno moja tu. Lakini nikafikiria aibu. Nikamfikiria mkewe, mimba ya miezi minane. Nikajiambia boti ni ya nyumbani, iwe ya huyu au ya yule, Baba atapanda tu. Nikazifumbata na ute wake, nikazitumbukiza mfukoni mwa aproni.

"Kisu," Baba akauliza nyuma yangu, "amekula nini?"

"Dagaa," nikasema. "Tumbo limejaa dagaa."

"Dagaa?" Akatikisa kichwa polepole. "Na mimi miaka yote hii nawatilia minyoo. Ama kweli mtoto kanipita."

Wiki ya pili Meneja aliipaka boti rangi nyekundu, akafunga viti viwili vya wageni. Baba akaja na ndoo yake, akaambiwa, "Mzee, leo nimejaa." Kesho yake pia kajaa. Siku ya tatu nikamfuata Meneja gatini, nikamkunja shati.

"Unampandisha Baba, au naenda kusema!"

Hata haya hakuona. "Nenda. Tumbo ulipasua wewe. Waambie ulikuta nini, halafu waambie siku ile ulisema nini."

Nilimwachia shati, nikarudi kwenye meza yangu.

Sasa Baba anavulia ukingoni, kwenye maji ya magoti, ambako kambare mkubwa hasogei. Mwezi wa pili huu hajapata hata mmoja. Jana alikuja mezani kwangu.

"Mwanangu, niyeyushie chubwi nyingine. Nne zimepotea kwenye kopo, sijui nimeziweka wapi. Uzee huu."

Nilikuwa nimezificha kwenye sanduku la visu, chini ya mawe ya kunolea. Nikazitoa, nikampa, nikasema nilizikuta uvunguni mwa kitanda chake. Nilitaka azigeuze, azinuse, ajue, anizabe kibao mbele ya watu wote. Akazigeuza, uso ukamng'aa.

"Afadhali," akasema. "Nilidhani akili imeanza kunitoka."

Akaondoka hatua mbili, akarudi.

"Na dagaa wameniishia. Unao wabichi?"

Nikamfungia dagaa kwenye gazeti, akanishukuru, akaenda kukaa ukingoni.