Kapu Lisiloahidi Foleni

Jana, kabla sijavua hata soksi, usingizi ulinibeba nikaota nimesimama ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, na mbele yangu kuna kapu la ukindu linakohoa.

Nililala na jambo moyoni. Mimi ndiye niliyeandika programu inayopanga wagonjwa wa mashine ya kusafisha damu hospitalini kwetu. Mashine ni moja. Kila ikiwa wazi, muuguzi anabonyeza na programu inaorodhesha wanaofuata: wenye hali mbaya kwanza, wenye hali sawa wanafuatana. Jioni Mama Siwema akaniuliza, "Mwanangu asubuhi alikuwa wa pili, mchana wa mwisho, na hali yake ni ile ile. Amekosa nini?" Aibu ilinishika.

"Shikamoo," nikaliambia kapu, maana lilionekana la zamani.

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Foleni."

"Humu hamna. Ulinitia majina ya wagonjwa, nayatunza yasipotee wala yasijirudie. Foleni hukuniagiza, na mimi sikukuahidi."

Kapu linajipindua. Majina yanamwagika, yana miguu, moja limevaa baragashia. Jina la Siwema linatoka la tatu. Nayarudisha, namwaga tena. Sasa linatoka mwisho, lina kiatu kimoja. Namwaga tena, linatoka la kwanza, linapiga miayo.

"Mtu mzima ovyo," lilisema lile la baragashia, jina la Mzee Mbonea. "Unatumwaga kama dagaa."

Nikaomba radhi. Nilipoinua macho tulikuwa sebuleni kwa shangazi yangu, na mlango wake ulikuwa unanitazama bila subira.

"Aliyekwisha kufika anasema karibu," mlango ulisema. "Anayefika baadaye anasema hodi. Hapo pagumu wapi?"

Kweli, pagumu wapi? Majina yanaanza kupigiana hodi, mawili mawili. Linalobisha linakaa nyuma ya linalokaribisha. Jina la Siwema linakaribisha wengi, likabisha kwa wachache, likakaa la nne na kukunja mikono.

Likabaki tatizo moja. Jina la Mzee Mbonea na la Bi Tunu yalisimama uso kwa uso, yote yanasema hodi, hakuna la kuitikia.

"Tulikuja kwa bodaboda moja," Bi Tunu alieleza.

"Nani alishuka kwanza?" mlango ukauliza.

"Mimi. Nilikaa nyuma."

"Basi tangulia."

Mzee Mbonea alinuna, ila alisogea.

Nikayamwaga tena yote. Yakatoka shaghalabaghala, yakapigiana hodi, yakakaa vile vile. La Siwema la nne. Nikamwaga tena. La nne! Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

"Na wewe?" mlango ukaniuliza.

Mimi nilikuwa nimefika mwisho kuliko wote. Nabisha kwenye kifua cha kila jina, na vifua vyao ni vya mbao. "Karibu," linasema moja. "Karibu baba," linasema jingine. Watu niliowatupatupa kama karata, na wote wananikaribisha. Hata Mzee Mbonea akanisogezea kiti. Sijui niwashukuru vipi. Nilikaa tu nikiwa nimeshiba ukarimu wao.

Nikaamka kumepambazuka, mkono unauma. Kabla ya kunawa uso nikaiambia programu iwapange wenye hali sawa kwa saa waliyofika, na waliofika pamoja kwa aliyeandikishwa kwanza. Nikaiendesha mpaka nikachoka. Jibu halikuyumba.

Hospitalini nilimkuta Mama Siwema kwenye benchi.

"Leo wa ngapi?"

"Wa nne."

"Muuguzi akibonyeza tena?"

"Wa nne, mama. Labda aje mwenye hali mbaya zaidi; vinginevyo mpaka mmoja wa mbele yake aingie, ndipo atakuwa wa tatu."

"Na mimi nikiwa sipo hapa?"

"Wa nne."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, baba. Ngoja basi nikanywe chai. Tangu juzi sijanyanyuka hapa, nilidhani nikiondoka ndipo wanamrudisha nyuma."

Akasita, akakigeuza kiganja changu chini. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka. Kwa kucha zake akachomoa kibanzi cha mbao, akakipuliza, akaenda zake kunywa chai.