Wanawake Walioziba Matundu

Fundi Telesphory alikuwa amebandika sikio ukutani, macho kayafumba, akigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akasogea kidogo kushoto, akagonga tena. Mtu asiyejua angedhani anaomba ukuta umfungulie. Alikuwa anatafuta swichi.

"Ukuta unasemaje?" Tunu akauliza kutoka mlangoni.

"Umeninunia, dada."

Nyumba yenyewe ilikuwa Visiga, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, na Tunu alikuwa ameijenga kwa biashara yake ya vitenge, polepole, kwa namna ya watu wanaojenga bila haraka na bila mkubwa wa kuwashika mkono. Fundi umeme wa kwanza alikuwa amelaza mabomba ndani ya kuta na kuacha maboksi ya swichi na soketi yakiwa wazi, kila moja limeshindiliwa karatasi ya mfuko wa saruji ili uchafu usiingie. Kisha akafuata kazi kusini, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Telesphory aliitwa kuvuta nyaya na kufunga swichi. Nguzo ilishasimama nje, mkaguzi alikuwa aje keshokutwa, na nyumba isiyo na nyaya haina cha kukaguliwa. Ilikuwa kazi nyepesi, lau maboksi yangekuwepo.

Hayakuonekana hata moja. Kuta zote, kuanzia sebuleni hadi chumba cha uani, zilikuwa nyeupe na laini, zimepakwa udongo wa bondeni kwa viganja, na alama za vidole zikipita juu yake kwa mapindo mazuri ajabu. Ilikuwa kazi ya mama yake Tunu, Bi Mwanaamina wa Vihingo, na wenzake.

Kwao Vihingo mtoto akimaliza nyumba, wanawake wa upande wa mama huja kuikandika kwa ndani. Hawaitwi, huja wenyewe. Na mama anayejali jina lake haachi tundu hata moja katika ukuta wa mwanawe, maana tundu ni mlango wa nyoka, na likipita jicho la jirani huwa mlango wa maneno. Basi siku Tunu alipokuwa mjini kufuata mzigo, Bi Mwanaamina aliwasili na shoga zake kwa kirikuu ya kukodi, na viroba vya udongo mweupe nyuma. Jirani, Laurensia, aliyeachiwa ufunguo, alifungua mlango kwa heshima zote. Nani atamzuia mama mzazi? Walikuta kuta za saruji zilizojaa matundu yenye makaratasi. Wakamlaani fundi mvivu aliyeacha kazi kama hiyo, wakachanganya saruji na mchanga uliobaki uani, wakaziba kila tundu, kisha wakapaka udongo juu hadi ukuta ukawa uso mmoja.

Tunu aliporudi jioni ile alishika mdomo. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa kilio cha hasira. Cha pili, kabla hata machozi hayajashuka, kilikuwa furaha, na hiyo ndiyo iliyomchanganya. Mama yake alikuwa amekuja! Tangu Tunu aachike na kuhama Vihingo kwenda kupanga chumba Sofu, Bi Mwanaamina alikuwa na kauli moja: mwanamke akijenga peke yake anajenga maneno ya watu. Msingi ulipochimbwa hakuja. Bati zilipopanda hakuja. Tunu akimsihi ahamie kwake, maana ile nyumba ya Vihingo imeinamia upande mmoja na mama anaishi humo peke yake, jibu lilikuwa lilelile: "Kwenye hiyo nyumba nitakuja kusalimia." Hiyo nyumba. Miaka yote hakuwahi kuiita vingine. Na sasa amekuja na udongo, na alama za vidole vyake zimejaa ukutani.

Ndiyo maana Bi Mwanaamina alipopiga simu na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya hajali, "Umeiona?", Tunu alijibu kuwa ameiona na kwamba ni nzuri kupita kiasi. Hilo halikuwa uongo. Habari ya swichi aliimeza. Angemwambiaje mama aliyenyoosha mkono baada ya muda wote huo kwamba mkono wenyewe umeharibu? Akiaibika mbele ya wenzake, harudi tena Visiga. Tunu alimjua, maana naye alikuwa vivyo hivyo.

"Huwezi kukumbuka hata moja lilikuwa wapi?" Telesphory aliuliza.

"Nilikuwa nakumbuka," alisema Tunu, "halafu nikawa nayahamisha."

Na kweli alimtesa yule fundi wa kwanza. Leo swichi ikae hapa, kesho isogee pale, keshokutwa irudi nusu njia. Mtu aliyepanga vyumba vya watu miaka nenda rudi, akapewa ukuta wake mwenyewe na kuulizwa taa aiwashie wapi, anaweza kulewa. Mabomba yalichungulia juu ya kuta karibu na paa, lakini kwa hamahama ile yalishuka yakipinda huku na huku, na kila Telesphory alipochomeka springi ya kuvutia nyaya, ilikwama pasipojulikana.

"Basi tupasue kwa kubahatisha," alisema.

Alipasua karibu na mlango wa sebule, akakuta tofali. Akapasua pembeni yake, akakuta tofali jingine. Pigo la tatu liliangusha kipande kikubwa cha udongo mweupe hadi sakafuni, na Tunu akahisi kama kofi limempata yeye. Alikuwa ameinama akiokota vile vipande, akijiuliza kama vinaweza kulowekwa na kurudishwa mama asijue, aliposikia kirikuu ikizima moto nje na vicheko vya wanawake vikishuka. Walikuwa wamekuja kumalizia baraza.

"Shikamoo mama," Tunu alisema, mikono imejaa udongo.

Bi Mwanaamina alisimama kizingitini na ndoo yake, nyuma yake Bi Rukaya na Bi Biasha, akatazama yale majeraha matatu ukutani. "Marahaba," alisema mwishoni. "Kazi yetu imekosa nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Tunu: panya, unyevunyevu, lipu mbovu ya chini. Alimtazama mama yake, yule mwanamke mdogo aliyejifunga khanga kibwebwe kwa ajili yake, na akaona kwamba uongo mwingine hapa ungewarudisha kulekule kwa kusalimiana mlangoni. Akaweka vipande chini.

"Haikukosa kitu, mama. Yale matundu yalikuwa ya umeme. Ndani yake kuna maboksi ya swichi, na sasa hatujui yako wapi. Nilipaswa kukwambia jana kwenye simu. Niliogopa."

Bi Biasha alitazama miguu yake. Uso wa Bi Mwanaamina ulijifunga polepole, na Tunu alikiona kile alichokuwa akikikimbia tangu jana.

"Twendeni zetu," Bi Mwanaamina aliwaambia wenzake. "Nyumba za siku hizi hazitaki mikono yetu." Akageuka, akaenda kukaa juu ya ndoo barazani, mgongo kwa nyumba, kungoja dereva ageuze gari.

Bi Rukaya hakumfuata. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, asiyejua kununa hata kwa kulipwa. Alikuwa akiukodolea macho ukuta wa kando ya mlango.

"Ngoja kwanza," alisema. "La hapa si niliziba mimi? Tulikuwa tunamsema Badru."

"Badru yupi?" Bi Biasha akauliza.

"Badru aliyeoa kwa siri! Nikakwambia mke mkubwa kajua kwa harufu ya udi kwenye shati, ukashtuka, ukadondosha saruji mguuni pangu. Nilikuwa nimesimama hapa, na tundu lilikuwa usawa wa bega langu." Akaweka kidole ukutani. "Fundi, piga hapa."

Telesphory alimtazama Tunu. Tunu akatikisa kichwa kukubali. Tindo likaingia, saruji ikabomoka, na nyuma yake, karatasi ya mfuko wa saruji ikatokeza ikiwa kavu kabisa. Fundi akaivuta kwa vidole viwili. Boksi lilikuwa safi, na bomba linaonekana.

Bi Rukaya alipiga kigelegele kilichomtoa Laurensia nyumbani kwake mbio.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa umbea. Hakukuwa na njia nyingine. Wale wanawake hawakukumbuka kuta, walikumbuka mazungumzo, na kila tundu lilikuwa na mtu wake aliyekuwa akisemwa. Soketi ya jikoni ilipatikana kwenye harusi ya Raudha, pale pilau lilipokwisha kabla upande wa bwana harusi haujanawa. Swichi ya ukumbini ilikuwa kwa jirani mmoja aliyerudi kutoka mjini na meno mapya. Telesphory, aliyekuja kufunga nyaya tu, alijikuta akishusha nyundo na kuuliza, "Halafu mke mkubwa akafanyaje?" Akaambiwa apige tindo kwanza, habari baadaye. Tunu alicheka mpaka akaegemea mlango. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka hivyo, na alikuwa akichekea ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sauti ikaenda hadi vyumbani na kurudi.

Wakakwama kwenye habari ya mbuzi wa Bi Biasha, aliyekula kitenge cha mke wa mwenyekiti kikiwa bado kwenye kamba. Bi Rukaya alisema walikuwa chumba cha kwanza. Bi Biasha, mwenye mbuzi, aliapa walikuwa ukumbini. Telesphory alisubiri na tindo lake hewani.

"Sebuleni!" sauti ikatoka barazani.

Wote wakageuka. Bi Mwanaamina alikuwa bado amewapa mgongo.

"Mbuzi tulimwanza sebuleni, chini ya dirisha," alisema kwa ukali. "Chumbani mlikuwa mnabishana kitenge kilikuwa rangi gani. Mnaharibu habari na mnaharibu ukuta."

"Njoo basi uoneshe mwenyewe," Bi Rukaya akamjibu, "au unataka fundi wa watu achimbe mpaka Mlandizi?"

Ndoo ikakwaruza sakafu, na Bi Mwanaamina akaingia. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja chini ya dirisha, akaonesha kwa kidevu. Boksi likatoka. Akaenda chumbani, akaonesha tena. Likatoka. Alipofika la tatu alikuwa ameshaanza kuwasahihisha juu ya meno ya yule jirani, na Tunu, aliyekuwa akimfuata nyuma na ufagio, alifagia kila palipobomolewa.

Kikabaki chumba cha uani. Bi Rukaya na Bi Biasha waliingia, wakazunguka, wakatazamana.

"Humu hatukushika sisi," Bi Rukaya alisema. "Mwenzetu alitutoa. Alisema chumba hiki atakifanya peke yake."

Wakamwacha humo, wao wakaenda na Laurensia kutafuta maji ya kunywa. Tunu alibaki, na fundi. Bi Mwanaamina alisimama katikati ya chumba akitazama kazi yake. Humu mapindo ya vidole yalikuwa madogo, yamepangwa kwa utulivu, wala hapakuwa na sehemu iliyorukwa. Alikwenda karibu na mlango akaweka kiganja ukutani.

"Hapa."

"Umekumbukaje, mama?" Tunu aliuliza. "Hukuwa na mtu wa kuzungumza naye."

"Nilikuwa nazungumza peke yangu."

"Ulikuwa unasemaje?"

Bi Mwanaamina alijifuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa safi. Telesphory, kwa adabu, akajishughulisha na tindo.

"Nilisema mwenye chumba hiki amepata," alijibu. "Jua la asubuhi linamfuata mpaka ndani, na upepo wa mihogo unamfikia. Nikasema mwanangu atakuwa ameshampata mtu wa kumweka humu, ila hanambii, kwa jinsi nilivyomfanyia."

Tunu alifungua mdomo, na maneno aliyoyapanga kwa miaka, yenye heshima na hoja, hayakuja. Yalikuja mengine.

"Ni chako," alisema. "Tangu siku ya msingi. Fundi wa kwanza nilimwambia hiki ni cha mama, asikiguse mpaka nimwoneshe jua linapochomoza. Usipokuja kitakaa hivihivi. Sitamweka mtu."

Boksi lilikuwa limeshafunguka. Telesphory alitoa karatasi, akapuliza vumbi, akarudi nyuma. Bi Mwanaamina alilisogelea lile tundu, akachungulia ndani yake kwa muda mrefu, kama mtu anayemwangalia mgeni kupitia upenyo wa mlango.

"Hii ndiyo ya kuwashia taa?" alimuuliza fundi.

"Ndiyo, bibi."

"Imekaa mbali."

Telesphory alimtazama Tunu, akautazama mlango uliokuwa mkono mmoja tu kutoka hapo. "Mbali na wapi, bibi?"

Bi Mwanaamina alivua ndala zake, akazipanga pembeni. Akafungua khanga ya kiunoni, akaikung'uta, akaitandika sakafuni chini ya dirisha, kichwa upande wa mashariki. Akajilaza juu yake taratibu, akavuta miguu, akatulia kidogo kama anayepima usingizi. Kisha akanyoosha mkono wake mfupi mpaka ukagusa ukuta.

"Na hapa," alisema.