Nne Kati ya Kumi

Shemeji yangu ana dini moja tu kazini: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anaisema akiwasha kompyuta, anaisema akikoroga chai, na nina hakika anaisema usingizini, ila hilo ni la dada yangu kuthibitisha kwa kuwa ndiye mkewe. Yeye shemeji huchora skrini, mimi huandika programu zenyewe. Ofisi nzima ni sisi wawili na birika moja, ndani ya chumba cha nyuma cha nyumba yao. Dada hakiiti ofisi. Hukiita "chumba changu."

Ana haki. Yeye hutafsiri nyaraka za mahakama kwenye meza ya jikoni, na ukuta kati yake na sisi ni mwembamba kama biskuti. Mwaka mzima amekuwa akitafsiri talaka za watu huku akisikiliza ugomvi wetu, na ugomvi wetu ni mmoja tu: tutumie zana ipi kutengenezea vielelezo.

Kielelezo ni programu ya kuonyesha tu. Mteja anakiona, anakibonyeza, anasema anataka hivi na hataki vile, kabla hujajimaliza kuandika ile ya kweli. Zana ya shemeji ilitoa vielelezo vinavyong'aa, vitufe vyenye vivuli, picha za watu wanaocheka bila sababu. Nyuma yake hamna kitu. Zana yangu mimi ilijenga kitu chenye mifupa: ukibonyeza, inahifadhi kweli. Ilikuwa polepole, nakubali, na mteja akitaka nibadilishe jambo nilikuwa naumwa kichwa na kumweleza kwa nini amekosea. Hilo pia nakubali, lakini si mbele ya shemeji.

Mteja wetu wa hivi karibuni alikuwa na ukumbi wa mazoezi. Kila tukikutana alisema, "Safi sana, hongereni." Tukamwonyesha cha shemeji, safi sana. Tukamwonyesha changu, hongereni. Tulipomkabidhi kazi iliyokamilika alitushika mikono kwa furaha, na tangu siku hiyo simu yake inaita tu. Baadaye tukasikia amewapa kazi watu wengine waanze upya. Alituvika kilemba cha ukoka, nasi tukatembea nacho mjini kwa maringo.

Ndipo dada alipoongea. Ilikuwa mezani, na aliongea polepole, jambo ambalo kwetu ni hatari kuliko kelele.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema. "Nyinyi mwaka mzima mnachagua jembe. Mmebaki na mteja mmoja. Naye akiondoka, nataka chumba changu, na kila mtu akaombe kazi kwa watu."

Shemeji aliangalia sahani. Mimi nilimwangalia shemeji. Niliogopa kweli. Nimewahi kufanya kazi kwa watu, na ninajua bosi gani anaweza kuvumilia ulimi wangu. Hayupo.

Mteja aliyebaki alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyefungua chekechea. Alitaka programu ya kusimamia jioni, saa ya watoto kuchukuliwa, maana langoni hapo palikuwa vurugu tupu. Tulikubaliana mimi na shemeji tutaenda na kielelezo kimoja, chake, tusimchanganye mama wa watu. Nilikubali kwa mdomo. Usiku ule ule nikatengeneza changu.

Ofisi ya mwalimu ilikuwa na kiti kimoja cha mtu mzima, naye ndiye aliyekikalia. Sisi tulipewa vya watoto. Shemeji ni mrefu, magoti yake yakawa jirani na masikio, na katika hali hiyo akafungua kompyuta na kuanza kueleza habari za uzuri. Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, akakunja mikono juu ya mapaja, akatabasamu. Uso ule niliujua. Ni uso wa mwalimu siku ya wazazi.

"Inapendeza sana," alisema. "Hongera, mwanangu."

Mimi nikatoa kompyuta yangu begani. Shemeji alinitazama kama niliyeingia msikitini na viatu. Nikaonyesha changu, nikabonyeza, kikahifadhi, nikabonyeza tena.

"Nayo inapendeza sana," alisema mwalimu. "Hongera, binti yangu."

"Kipi kati ya hivi viwili?" nikauliza.

"Vyote. Nyinyi ndio wataalamu, chagueni wenyewe."

Ilikuwa sauti ya yule wa mazoezi, imebadilisha nguo tu. Nilikiona chumba cha nyuma kimepakwa rangi mpya na dada amekaa humo peke yake kwa raha zake.

"Tulikubaliana nini?" shemeji akaninong'oneza.

"Changu angalau kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi gani? Mzazi atapotelea hapo hapo mlangoni. Ngoja nikuonyeshe."

Kwenye meza ya watoto kulikuwa na karatasi na kalamu za nta. Akavuta karatasi, akashika kalamu ya kijani, akachora mbele yangu. Huyu ni mtu anayeweza kumaliza asubuhi akilinganisha buluu na buluu, lakini kwa hasira na kwa meza ya kimo kile alichora masanduku ambayo hata mtoto wa pale angeyakana. "Mzazi anaingia hapa. Anabonyeza hapa. Mtoto anatoka hapa. Unaona?"

"Naona umechora viazi," nikasema, nikamnyang'anya karatasi, nikaongeza mishale yangu kwa rangi ya machungwa. Akakata mshale wangu, nikakata sanduku lake. Watu wazima wawili, mbele ya mteja wa mwisho tuliyebaki naye duniani.

Nyuma yetu droo ikafunguka. Kivuli kikaanguka juu ya karatasi.

"Nipisheni kidogo," akasema mwalimu.

Alikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na uso wa siku ya wazazi haukuwepo tena.

"Mzazi, mzazi, mzazi," akasema, na kila alipolitaja alikata mstari. "Mzazi gani? Nusu ya watoto wangu wanachukuliwa na bibi, na mama mdogo, na jirani. Bibi hana haja ya kubonyeza kitu, miwani yenyewe huisahau nyumbani. Hapa." Akakata. "Na baba na mama wakigombana, nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto? Nililetewa karatasi ya mahakama juzi. Hapa mmeiweka wapi? Na hiki ni nini?"

"Kitufe," shemeji akajibu kwa sauti ndogo. "Ukibonyeza, mtoto anakuwa ametoka."

"Mtoto hatoki kwa kitufe. Mtoto anatoka kwa mkono wa mtu ninayemjua sura. Programu inisaidie kumjua huyo mtu. Hilo tu ndilo lililonifanya niwaite."

Mwaka mzima hakuna mteja aliyetuambia sentensi yenye maana kiasi kile. Nikashindwa kujizuia. "Mwalimu, mbona hayo hukuyasema tulipokuonyesha kwenye kompyuta?"

Akanishangaa. "Zile si mmemaliza? Mtu akikuandalia meza, vyombo vinang'aa, utaanza kumwambia wali haujaiva? Utakula, utashukuru, na siku nyingine hutakwenda. Lakini hii," akaigonga karatasi, "hii bado iko jikoni."

Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaandika pembeni 4/10, akazungushia duara. Chini yake akaandika: *Rudini Jumatano.*

Nje, shemeji alitembea kama aliyenyeshewa. "Nne," akasema. "Mimi sijawahi kupata nne. Tumefeli, shemeji."

"Yule wa mazoezi alitupa ngapi?"

Akafikiri. "Kumi."

Tulitembea mpaka kwenye kona. Hapo akasimama, akaifungua karatasi, akaisoma tena, na polepole mdomo wake ukaanza kwenda kwenye masikio. Mtu hasahihishi kazi ya mtu asiyetaka kumwona tena. Tulicheka mpaka muuza magazeti akatuuliza kuna nini.

Mchana ule jembe lilichaguliwa bila vita. Ipo zana moja tuliyokuwa tukiidharau wote wawili, inayochora kila kitu kama kwa penseli na mkono unaotetemeka: haina rangi, haina kivuli, na ukitaka kubadilisha skrini unaibadilisha mteja akiwa bado anaongea. Mimi sikuwa na cha kutetea, maana haihifadhi chochote. Shemeji aliumia zaidi. Alijaribu kunyoosha mistari kwa siri, zana ikawa inaipinda tena.

"Hata rangi moja?" akaniomba.

"Hata moja."

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa huwa napika supu kwa dada, shukrani yangu ya chumba. Tukakaa mezani. Dada hakuzunguka.

"Alipenda?"

"Hapana," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Alikata karibu kila kitu," akasema mumewe, anatabasamu kama mjinga.

Dada akaweka kijiko chini, akatazama upande wa mlango wa nyuma. Nadhani alikuwa anapima ukuta kwa macho. Nikatoa karatasi haraka, nikaisogeza mbele yake. Aliisoma anavyosoma hukumu, juu mpaka chini, kisha juu tena. Kidole chake kikasimama kwenye ule mstari wa mwisho.

"Amesema mrudi."

"Jumatano," tukajibu pamoja.

Akainua kijiko, akaonja supu. Akaonja tena. Nikaona kitu kinapanda usoni kwake, kitu cha siku nyingi.

"Mdogo wangu."

"Ee, dada."

"Hii supu. Kila Ijumaa nakuambia nzuri."

"Ndiyo."

"Vitunguu unaviunguza. Karoti zinabaki mbichi. Na hiyo pilipili, sijui nani alikudanganya. Nne."

"Kati ya kumi?"

"Kati ya kumi."

Shemeji alipaliwa kwa kicheko. "Na wewe usicheke," dada akamwambia, "mapazia yako ya sebuleni nayafikia." Kisha akanigeukia, akavuta bakuli karibu, akaendelea kula. "Ijumaa ijayo mkitoka ofisini, pitia hapa jikoni mapema. Nitakuonyesha moto wa vitunguu."

Alisema ofisini. Nikainama nikanywa supu yangu mpaka mwisho, na kwa kweli vitunguu vilikuwa vimeungua.