Batamaji wa Tajiri

Mchambuaji aliingiza mkono kwenye gunia, akatoa unyoya, akaugeuza kwenye mwanga. Wa bata. Akautupa kwenye pipa la kushoto. Manyoya ya bata bukini yaliingia pipa la kati, yakashindiliwa kwenye mito ya kulalia. Ya batamaji, ndege mweupe wa shingo ndefu, yale machache yaliyodondoka yenyewe, yalikwenda kwenye kofia za wenye nazo. Madirisha ya karakana yalikuwa yamepigiliwa misumari ili upepo usipeperushe mali ya tajiri, na vumbi la manyoya liliingia vifuani mwa watu likakaa. Kazi mbaya si mchezo mwema, husema wasioifanya.

Mdogo wake mchambuaji, binti waliyefanya kazi pamoja, alikohoa msimu mzima wa mvua, kisha kikohozi kikaisha na manyoya yakamwota. Hakuwa wa kwanza. Wapakiaji wawili waligeuka bata, wakapelekwa jikoni kwa tajiri. Mshonaji mito, maskini mama wa watu, aligeuka bukini, na hadi leo yuko bandani huko nyuma, ananyonyolewa kila manyoya yakikomaa.

Msimamizi alimleta binti huyo kwapani, keshageuka ndege. Alikuwa na haraka.

"Haya, dada. Huyu ni bata gani?"

Mchambuaji alimtazama mdogo wake. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, mdomo mnene wa rangi ya chungwa, shingo fupi. Bukini, hata kipofu angekwambia. Roho ilimuuma, maana ndiye aliyemlea tangu mama yao afe, na ndiye aliyemtafutia kazi hii.

"Batamaji," akasema.

"Wa kijivu?"

"Bado kinda. Makinda ya batamaji huwa ya kijivu. Ngoja akue, atakuwa mweupe, na shingo itarefuka."

Msimamizi alichoka kubisha. Akampeleka kwenye bwawa lililo mbele ya nyumba ya tajiri, ambako batamaji hawanyonyolewi, wanatazamwa tu.

Kila akitoka kazini, dada mtu alipita bwawani na makombo ya mkate.

"Dada, tajiri anauliza nitakuwa mweupe lini."

"Mwambie karibuni."

"Na nisipokuwa?"

"Kula, mdogo wangu."

Hakula, wala hakulala. Akimwona tajiri anakuja, alinyoosha shingo mpaka ikauma. Mvua ziliporudi alikuwa mweupe pe, kichwa hadi mkia. Tajiri akafurahi, akaita wageni waje kumwona.

Mchambuaji aliinama ukingoni, akashika unyoya mmoja karibu na jicho. Aliutambua mara moja, kwa kuwa naye alikuwa na kama huo kichwani, chini ya kitambaa. Ilikuwa mvi. Binti wa miaka ishirini, jamani!

Kesho yake karakanani, msimamizi alimkuta mchambuaji akijikuna. Akafunua ukosi wa gauni lake, akachungulia shingoni.

"Pole, dada. Tafuta mtu umfundishe kuchambua, mapema."

Kisha akazunguka kukagua madirisha. Akakuta msumari mmoja umelegea, akaugongomea.