Mama Nthoki wa Pili

Majirani zetu wa Shauri Moyo walimlilia mama kwa vishindo, wengine wakajitupa chini. Nikadhani wana uchungu! Maua ya kaburini hata hayajakauka, baba akaleta mwanamke mwingine, na wale wale wakamlaki pale mferejini: "Mama Nthoki, umeamkaje?"

Naye, bila haya, akaitika: "Salama!"

Nthoki ni mimi. Mama aliitwa hivyo tangu anizae. Kumbe kwao jina hilo ni kama leso, akiivua mmoja anajifunga mwingine.

Nikaitua ndoo chini.

"Mwiteni mpendavyo," nikawaambia, "lakini mumtafutie Nthoki wake. Mama yangu mlimlilia nyinyi wenyewe."