Utepe Usio na Kokoto

Watu wa Oulu, mji wa kaskazini mwa Ufini, hawaondoi theluji yote kwenye njia zao za baiskeli. Huiacha ikanyagwe, ishikamane, kisha trekta hupita na bamba lenye meno na kuisuka mistari ili matairi yapate pa kushika. Kaisu Pikkarainen alikuwa ameisuka njia ya kando ya mto kwa miaka mingi hata waendesha baiskeli wakamwita Msusi. Walimpungia mkono wakipita, walimu, wauguzi, watoto wa shule na mabegi yao, naye akawapungia kutoka kwenye kibanda chake chenye joto, redio ikinong'ona, macho yakiwa nusu ndotoni.

Maana kazi ile ina usingizi wake. Mwezi wa Januari jua la kule huchungulia kidogo, likaona baridi, likarudi kulala. Kinachobaki ni mwanga wa buluu juu ya kila kitu, mto, paa, miti, na theluji inayoshuka taratibu bila kuuliza mtu. Ukiitazama kwa muda mrefu kwenye taa za trekta unaanza kuhisi kwamba wewe ndiye unayepaa. Kaisu aliipenda sana hali ile, na laiti angelipwa kwa kupaa tu, angekubali.

Kulikuwa na jambo moja alilolifanya kila siku bila kumwambia mtu. Palipokuwa na utelezi, sanduku la nyuma ya trekta lilimwaga kokoto ndogondogo njia nzima. Lakini alipofika kwenye nyumba ya njano iliyo karibu na daraja, Kaisu alifunga kilango kimoja cha sanduku, kile cha upande wa mtoni. Nyuma yake ukabaki utepe mweupe usio na kokoto hata moja, upana wake kama wa kiti. Utepe ule ulivuka daraja na kwenda hadi kwenye uzio wa nyumba ya wazee.

Ulikuwa wa Mzee Aarne Holappa, mwenye ile nyumba ya njano. Mzee huyu alitembea kwa potkuri, yaani kiti cha mbao kilichowekwa juu ya vyuma viwili virefu. Unasimama nyuma yake, unashika mpini, unasukuma kwa mguu mmoja, na chombo kinateleza huku kikitoa sauti laini ya hariri inayochanwa. Juu ya kokoto hakiendi. Kinakwama, kinapiga kelele za kutia meno ganzi, na chuma kinaharibika.

Kwa nini asitembee kwa miguu kama wengine? Kaisu alimuuliza hivyo majira ya baridi yaliyopita, walipokutana kwenye kibanda cha kahawa na kugawana mkate mtamu wa iliki.

"Nikienda kwa miguu, Lempi hanijui," Mzee Holappa alisema, akifuta makombo kwenye sharubu. Lempi alikuwa mke wake, aliyetunzwa kwenye ile nyumba ya wazee, na akili yake ilikuwa inamwaga kumbukumbu moja baada ya nyingine. "Juzi nilipanda teksi. Alinikaribisha vizuri sana, binti. Akaniuliza kama nimekuja kutengeneza taa. Kabla ya hapo nilikuwa padri."

"Na ukienda na potkuri?"

"Akiisikia chini ya dirisha anavaa koti, anatoka, anakaa kitini. Ndivyo nilivyomchukua kwenda dansini tukiwa vijana. Hapo nakuwa Aarne." Akamalizia kahawa yake. "Muuguzi ameniambia nisikose siku nyingi. Asipoisikia kwa muda, na hiyo nayo itapotea."

Hakuomba chochote. Kesho yake Kaisu alifunga kilango, na tangu siku hiyo hawakulizungumza tena. Mzee alipita akiteleza kwenye utepe wake, akainua glovu mara moja, basi.

Kisha ikanyesha mvua.

Mvua ya Januari haina adabu hata kidogo. Inaingia mji wa watu wenye theluji yao nzuri, inaigeuza kioo, halafu baridi inakuja kukipiga kioo hicho msasa. Asubuhi ile watu waliamka na njia inayong'aa. Kabla Kaisu hajafika darajani, mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameshapita kwa baiskeli. Alimpisha mtu mwenye mbwa, gurudumu la mbele likaingia kwenye ule utepe wa jana usio na kokoto, akaanguka na kuvunjika mkono.

Msimamizi wake, Teuvo, alipiga simu. Hakufoka, na hilo lilimuumiza Kaisu zaidi.

"Kuna ukanda upande wa mtoni hauna kokoto. Sanduku lako limeharibika?"

"Halijaharibika. Nilifunga mwenyewe."

"Sitauliza kwa nini. Mwaga ukingo hadi ukingo. Wametabiri mvua wiki nzima."

Kaisu akamwaga. Alifungua vilango vyote na kumwaga ukingo hadi ukingo, na aliumia moyoni mara mbili: kwa yule mwalimu, na kwa kile alichokuwa anakifunika. Kokoto zikianguka juu ya barafu hazizoleki. Zinakaa hapo mpaka theluji mpya ije, na theluji mpya ilikuwa mbali. Wiki nzima bila sauti ya potkuri. Wiki ingetosha kabisa kumgeuza Mzee Holappa kuwa fundi wa umeme milele.

Mchana alimkuta mbele ya nyumba ya njano, amesimama ukingoni mwa njia, potkuri mbele yake, akizitazama kokoto kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umebadilishwa kufuli. Kaisu akasimamisha trekta, akashuka.

"Umenifungia njia, binti."

"Mwalimu mmoja ameanguka, Mzee. Kwenye utepe wako. Amevunjika mkono."

Mzee Holappa akavua kofia. Mvua ikamnyeshea kichwani. "Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Wa kuandikia," alisema. Akaivaa kofia yake. "Basi mwaga. Mwaga na mlangoni kwangu. Sitaki mtu avunjike kwa ajili yangu." Akainama, akaikamata potkuri, akajaribu kuinyanyua hadi begani.

"Unafanya nini wewe mzee?"

"Nambebea Lempi usafiri wake."

"Utaufikisha kaburini! Lete hapa."

Akamnyang'anya. Akaishusha ndoo kubwa ya mbele ya trekta, akailaza potkuri ndani juu ya gunia, akarudi kwenye usukani. Mzee hakuruhusiwa kupanda, na mwenyewe hakutaka. Zile kokoto zilimfaa kwa miguu, akatembea kando ya gurudumu, mkono mmoja umegusa chuma. Wakaanza kuvuka daraja kwa mwendo wake.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni. Ng'ambo haikuonekana, walikotoka hakukuonekana, ulibaki ule ubuluu tu na taa ya trekta ikizunguka ndani yake. Waendesha baiskeli walitokea, wakapiga kengele, wakayeyuka. Kaisu alihisi wanavuka kwa miaka, kwamba Mzee anazidi kuwa kijana kila hatua, na kwamba wakifika ng'ambo atakuwa na nywele nyeusi na tiketi mbili za dansi mfukoni. Alitikisa kichwa. Alipomtazama tena alikuwa mzee yuleyule, amelowa, anakohoa.

Uwanja wa nyumba ya wazee nao ulikuwa umemwagiwa kokoto hadi ukutani. Mzee alishusha potkuri chini ya dirisha la Lempi na kuisukuma. Ilipiga yowe. Pazia likasogea, mkono ukaonekana, pazia likafungwa kwa nguvu.

"Twende zetu," Mzee Holappa alisema kwa sauti ndogo. "Nimemtisha."

Kaisu hakuondoka. Alikuwa ameona rundo nyuma ya jiko, theluji ya tangu Desemba, juu ngumu kama ganda la mkate. Akalivunja ganda kwa ndoo. Ndani ilikuwa nyeupe, kavu, safi. Akachota, akaja kuimwaga chini ya dirisha, akarudi, akachota tena. Simu ikaita.

"Uko wapi, Kaisu?" Alikuwa Teuvo.

"Nyumba ya wazee. Namwaga theluji."

"Unamwaga nini?"

"Theluji."

"Kaisu. Sisi tunalipwa kuiondoa."

"Najua. Chini ya dirisha hili hapapiti baiskeli, Teuvo. Nipe dakika chache tu."

"Wahi kabla shule hazijatoka," alisema, akakata.

Kaisu aligeuza bamba upande usio na meno na kuilaza theluji kwa upole, asiiguse hata chembe ya kokoto iliyo chini yake. Ukatokea utepe mfupi, wa kupita chini ya dirisha na kurudi. Akazima injini ili kusiwe na sauti nyingine.

Mzee Holappa alisukuma. Potkuri ikateleza na ile sauti yake ya hariri. Akafika mwisho, akageuza, akarudi. Pazia halikusogea. Akaenda tena, akarudi tena, na mara hii mguu wake ulikuwa mzito. Kaisu aliushika usukani wa trekta iliyosimama, akauminya kwa vidole vyote.

Mlango ukafunguliwa. Lempi alitoka na koti lililofungwa vifungo vya upande upande, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakutazama kulia wala kushoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akakaa, akapanga koti lake magotini.

"Umechelewa," alisema.

"Njia ilikuwa mbaya," Mzee akajibu.

"Na yule kwenye trekta nani?"

"Kaisu. Ndiye anayetutengenezea njia."

Lempi aligeuka, akamtazama Kaisu kwa makini, kwa jicho la mwenye nyumba anayemkagua kibarua.

"Mwambie asimwage kokoto, Aarne," alisema. "Kesho utakujaje?"

Mzee akaushika mpini. Akasukuma. Kaisu akapandisha kioo cha kibanda, akalia humo ndani kwa raha zake, maana hakuna aliyemsikia. Njia ya mto ilikuwa inamngoja, na shule zilikaribia kutoka. Lakini kabla ya kwenda alirudi nyuma ya jiko, akachota ndoo moja zaidi iliyojaa, na kuilaza chini ya paa la kuegeshea baiskeli ambapo mvua haifiki. Hiyo ilikuwa ya kesho.