Kitambaa cha Mama Wageni

Tuseme mapema, ili msomaji asihangaike bure kama alivyohangaika Mama Kidoti siku ile: mambo yaliisha vizuri. Lakini kabla hayajaisha yalimpitisha kwenye tundu la sindano, yeye na mtoto wake mgongoni.

Mama Kidoti alikuwa akishona mifarishi. Alianza nyuma ya pazia la chumba chao, kwenye cherehani ya mkono aliyoachiwa na dada yake, Kidoti akilala ndani ya beseni lililotandikwa kanga kuukuu. Alivipanga vipande vya nguo sakafuni, rangi ikiitana na rangi, akaviunga kimoja kimoja, akaweka pamba nyembamba katikati na shuka chini, kisha akapiga mishono juu mpaka tabaka zote zishikane. Ukimaliza una kitu cha kujifunika, cha kutandika, cha kumlaza mtoto mchana.

Mume wake, fundi rangi wa nyumba, alimtania mwanzoni.

"Mke wangu, wenzako wanaficha viraka, wewe unavipeleka mbele za watu."

"Usiku unavivuta mpaka kidevuni."

"Usiku hakuna anayeniona."

Vipande vyote vilitoka kwa Fundi Kesho. Jina lake halisi lilishasahaulika. Ukimuuliza nguo yako itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa hilo hilo moja, na likamganda. Alikuwa mzee wa kazi, mkono wake wa mkasi ukisifiwa hata na mafundi waliomwonea wivu. Mama Kidoti alikuwa akimpindia pindo na kumtilia vifungo, na kwa malipo yake, mfuko wa mabaki uliokaa chini ya meza ya kukatia ulikuwa wake. Bila mfuko ule hakuna mfarishi. Nani anunue kitambaa kizima dukani kwa ajili ya kukikata vipande?

Majirani walinunua mmoja mmoja, wa mtoto, wa bibi. Halafu ikaja habari kwamba Mama Wageni, mwenye nyumba ya wageni nyuma ya stendi, ameuona mmoja kwenye kamba ya mtu na anataka ya vyumba vyake vyote, mradi apendezwe na wa kwanza. Mama Kidoti alipolisikia hilo alikaa kitandani kwanza. Vyumba vyote ilikuwa kazi ya miezi. Ilikuwa ni kuacha kuulizia nani amejifungua mtaa wa pili ili ampelekee kazi yake.

Basi Mama Wageni akaja. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na aliitumia hiyo hiyo ndani ya chumba. Akakaribishwa chai na mkate. Chai akapokea bila sukari, mkate akausogeza kando kwa kidole kama mtu anayesogeza mdudu.

"Nimeacha. Haya, lete tuone."

Akaugeuza mfarishi mbele na nyuma. Akavuta mishono kwa kucha. Akaunusa.

"Mishono yako imenyooka, mwanangu. Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza tu, mama. Na kuuliza."

"Hii ndiyo ninayoitaka. Mgeni akiamka asubuhi aone ua, sio ukuta." Kidole chake kikafuata ua kubwa la katikati, jani hadi jani, kikafika kwenye yale ya buluu yenye ndege wa manjano. Kikasimama. "Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye vipande, mama."

"Vipande vya nani?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mfupi na mtamu: sokoni. Nani angejua? Lakini mtu huyu alikuwa anakwenda kuwalaza wageni wake chini ya kazi ya mikono yake. Angeanzaje naye kwa uongo?

"Vya Fundi Kesho. Ananipa mabaki."

"Mabaki." Mama Wageni alilitamka neno lile kama anayeonja maziwa yaliyochacha. "Kitambaa hiki kaniletea mdogo wangu kutoka safari. Nikampelekea fundi wako, nikamwambia gauni la mikono mirefu. Akaniambia hakikutosha. Akanishonea vikono kama mabawa ya kifaranga. Kumbe mikono yangu iko hapa, imekuwa ua. Beba. Twende."

"Mama, labda—"

"Labda atatuambia mwenyewe."

Njiani Mama Wageni alitangulia, na kwa jinsi alivyokanyaga hata wenye baiskeli walimpisha. Mama Kidoti alifuata nyuma, Kidoti mgongoni, mfarishi umekumbatiwa kifuani. Kama Fundi Kesho ni mwizi wa vitambaa, basi yeye ndiye aliyekuwa akiutembeza wizi wenyewe mtaani, umeshonwa vizuri na umefuliwa. Kila aliyewahi kushona kwa fundi angesimama kwenye kamba ya Mama Kidoti akitafuta gauni lake. Kazi ya vyumba ingekwenda, mfuko wa mabaki ungekwenda, na cherehani ingebaki imefunikwa kitambaa kama maiti.

Akajaribu kukumbuka kitambaa kile kilivyokuwa siku alipokitoa mfukoni. Hakikuwa kimekunjwa kama kitu kilichofichwa. Kilikuwa mikono miwili ya gauni, imeshakatwa, bado haijashonwa. Alikuwa ameilaza mmoja juu ya mwingine, uso kwa uso, aikate pamoja. Ikakataa kulingana. Alipogeuza huku, bega lilizidi mbele. Alipogeuza kule, ndege wa mmoja walitazama chini. Akajisemea ni kazi ya mwanafunzi, akaikata hivyo hivyo.

Lakini Fundi Kesho hakuwa na mwanafunzi.

Mama Kidoti nusura ajikwae kwenye mtaro.

Dukani palikuwa na mtu mmoja tu, jamaa aliyejifunga shuka kiunoni akisubiri zipu ya suruali yake. Fundi Kesho aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Karibuni. Yenu itakuwa tayari—"

"Hatukuja kuchukua nguo," alisema Mama Wageni, akautwaa mfarishi na kuutandaza juu ya meza ya kukatia. "Niambie hiki ni nini."

Fundi alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akatazama tena. Rangi ya uso wake ilibadilika kama ukuta uliomwagiwa maji.

"Nitakulipa kitambaa chako," alisema.

"Kwa hiyo uliiba."

"Nimesema nitakulipa."

"Sijaja kudai. Nimeuliza, uliiba au hukuiba?"

"Sema upendavyo, mama. Mimi nitalipa."

"Duh," alisema jamaa wa shuka, na kuisogeza miguu yake chini ya benchi. "Fundi, suruali yangu ipo lakini?"

Mama Kidoti alikuwa akimtazama mzee yule, jinsi alivyoshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na ndipo alipoelewa. Fundi alikuwa tayari kutoka pale akiitwa mwizi. Mwizi wa kitambaa, nani hajawahi kuitwa hivyo katika kazi ile? Ni matusi ya kila siku, yanakuja na chaki. Lile jingine hakuweza kulitamka.

Angelisema yeye, angemwokoa mzee na wizi na kumvua nguo mbele ya wateja. Angenyamaza, wangezama wote wawili. Kidoti alikuwa amekamata sikio la mama yake na kulivuta kwa bidii.

"Baba," alisema polepole, "mfuko ule niliutoa mimi mwenyewe. Vile vipande niliviona kabla sijavikata." Fundi aliinua macho. "Juzi mimi nimemshonea mtoto suruali, nikaunga mguu na kiuno. Nikafumua nikicheka peke yangu. Mama huyu ni mtu wa kazi, baba. Ataelewa."

Kisha Fundi Kesho akavuta stuli, akaketi.

"Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto," alisema.

"Ya kushoto vipi?" aliuliza jamaa wa shuka, ambaye sasa hakuwa na haraka tena.

Fundi akachukua kigezo cha karatasi ukutani, akakilaza juu ya meza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini mikono ilifanya kazi yenyewe. "Mkono una mbele na una nyuma. Unakata mmoja, unaigeuza karatasi, unakata wa pili. Mimi sikugeuza. Miaka yote hii nawafokea watu wageuze, na siku hiyo sikugeuza. Kitambaa chako kilitosha, mama. Kilitosha na kubaki. Nilikiharibu, nikaona aibu, nikakuambia hakikutosha kwa sababu umeongezeka mwili."

Mama Wageni alinyanyua kiganja. "Rudia hapo mwisho."

"Nikakuambia umeongezeka."

"Sikuongezeka?"

"Futi hii inakujua tangu ulipokuwa mwari. Hujasogea hata kidole."

Mama Wageni alitafuta pa kukaa, akakaa kando ya jamaa wa shuka, ambaye alijibana kwa heshima.

"Unajua tangu siku ile sijala mkate?" alisema, na safari hii sauti yake isingevuka hata kizingiti. "Nakunywa chai chungu. Asubuhi nawasimamia wageni wanavyopaka siagi mpaka mmoja akaniuliza kama ananidai au namdai. Natembea kuuzunguka uwanja wa mpira, alfajiri, na magoti haya. Wasichana wangu wa kazi wanadhani nimepata mchumba."

Jamaa wa shuka ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikamgeukia kikawa kicheko. Mama Wageni akamkazia macho, midomo yake ikatetemeka, na mara naye akashikwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mfarishi. Fundi Kesho alicheka wa mwisho. Mabega yake yalishuka kama ya mpagazi aliyetua gunia. Mama Kidoti hakucheka. Aliegemea mlango, akaubandua mkono wa Kidoti sikioni mwake.

"Na wewe ulijua," Mama Wageni alimwambia.

"Nimekumbuka njiani, mama."

"Ukanifuata kimya muda wote ule."

"Halikuwa langu kulisema."

Mama Wageni alimpima kwa macho, toka kitambaa cha kichwa hadi ndara.

"Mama, ukipenda naweza kuyafumua hayo majani," Mama Kidoti aliharakisha. "Nikuungie mikono. Haitakuwa ya kushoto."

"Thubutu. Nivae viraka mimi?" Akainuka, akaukunja mfarishi mwenyewe, pembe kwa pembe. "Huu hauendi kwa mgeni yeyote, huu nalalia mimi. Wewe njoo leo hii upime vitanda, havilingani. Na wewe fundi, hulipi kitu. Utanishonea mapazia, na nitakaa hapa hapa nikutazame unavyokata."

"Yatakuwa tayari—"

"Usiseme."

Mama Wageni alipoondoka, Fundi Kesho aliinama chini ya meza, akautoa mfuko wa mabaki uliojaa mpaka shingoni, akamkabidhi Mama Kidoti bila kumtazama.

"Ukikuta tena humo kitu cha ajabu, mwanangu," alisema, "nionyeshe mimi kwanza."

"Nitakuonyesha, baba."

"Na futi hii chukua. Yako imevutika, inadanganya."

Alasiri ile Mama Kidoti alisimama katika chumba cha kwanza cha nyumba ya wageni. Palinuka sabuni na shuka zilizopigwa pasi. Alimtua Kidoti katikati ya kitanda, akaishikiza futi kwenye pembe ya godoro. Mara ya kwanza hakuamini alichokisoma, kwa kuzoea futi yake iliyovutika. Akapima tena. Urefu ukawa ule ule. Akamchukua mtoto, akahamia chumba cha pili.